Mtihani wa Kiingereza Florida: Jiwe Limerushwa kwa Mama, Limempata Mtoto

Toka mwezi wa pili kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Marekani, jamaa anaongea kwa uchungu kabisa, anasema serikali imefuta leseni za wote wasiojua Kiingereza na walionazo wajiandae kunyang'anywa. Mi imenifikia mara nne, ya nne imetoka kwa shemeji yangu yuko Kigoma, hana gari wala hajawahi kukanyaga huku, ananiuliza kama niko salama. Niko salama. Ila ile voisi imekosea karibu kila kitu, na wanaoijibu nao, wale wa "tulieni jamani, jifunzeni Kiingereza yaishe", wamekosea vilevile, kwasababu pande zote mbili zinamuongelea mtu mmoja tu, mama mtu mzima aliyekaa mbele ya kompyuta na maswali asiyoyaelewa. Huyo yupo na anaumia, sikatai. Lakini anayeumia zaidi mi naona ni mwanae wa miaka 15 au 16, ambaye Kiingereza anakijua kuliko mimi, anayeweza kuupita ule mtihani asubuhi kabla ya chai, na bado leseni asiipate sababu nyumbani kwao hamna mtu mzima mwenye leseni wa kukaa naye garini.

Tuanze na kilichotokea kweli. Kuanzia tarehe 6 Februari 2026 jimbo la Florida linafanya mitihani yote ya leseni kwa Kiingereza tu, ule wa maswali na ule wa kuendesha, wa kusomewa kwa sauti nao ni Kiingereza, mkalimani haruhusiwi. Kabla ya hapo mtihani wa leseni ya kawaida, ile wanayoiita Class E, ulikuwa unapatikana kwa lugha kadhaa, Kihispania na Kikrioli cha Haiti zikiwemo. Basi, ndo hivyo tu. Ni jimbo moja, maana leseni huku zinatolewa na majimbo, serikali kuu kule Washington haina dirisha la leseni, na leseni ambayo mtu anayo tayari mfukoni haikuguswa. Watu wamechanganya hii na mambo mengine mawili. Kuna la malori: sheria ya shirikisho inayomtaka dereva wa lori la biashara ajue kusoma na kuongea Kiingereza ni ya zamani sana, toka miaka ya 1930, ila ilikuwa imelegezwa, ndo Aprili 2025 Rais Trump akasaini agizo ikazwe, na toka 25 Juni 2025 dereva wa lori akishindwa Kiingereza mbele ya mkaguzi anatolewa barabarani palepale. Alafu kuna REAL ID, iliyoanza kudaiwa viwanja vya ndege 7 Mei 2025, hiyo ni habari ya vitambulisho na haihusiani kabisa na lugha. Vitie vyote hivyo sufuria moja, koroga, unapata ile voisi.

Sasa tuje kwa mtoto, maana hapa ndo penyewe na ndo pasipoongelewa. Florida kijana anaruhusiwa kuchukua pemiti ya kujifunzia akiwa na miaka 15. Kwanza anamaliza kozi ya usalama barabarani, ambayo mwaka 2025 waliibadilisha na sasa kwa wa miaka 15 mpaka 17 ni ya masaa 6, alafu anakaa kwenye mtihani wa maswali 50 na anatakiwa apate 40. Kwa mtoto aliyesoma shule za huku hata miaka miwili, hiyo si shida. Shida inaanzia baada ya hapo. Pemiti inabidi akae nayo miezi 12, na ndani ya hiyo miezi awe ameendesha masaa 50, kati yake 10 yawe ya usiku, na muda wote huo kiti cha mbele pembeni yake akae mtu mwenye leseni na asiyepungua miaka 21. Miezi 3 ya mwanzo ni mchana tu, baada ya hapo mwisho saa nne usiku. Mzazi ndo anasaini kwamba masaa yametimia. Ukiisoma hii sheria vizuri unaona walioiandika walikuwa na familia fulani kichwani, baba na mama wote wana leseni, gari mbili nje, Jumamosi baba anamtoa kijana wanazunguka mtaani. Ni sheria nzuri tu, na hayo masaa 50 yana maana yake, mtu hajifunzi gari kwa kusoma. Ila inategemea kitu kimoja ambacho hakijaandikwa mahali popote, kwamba mzazi anayo leseni. Ukimzibia mzazi njia ya kuipata, mlolongo wote unakatika hapohapo, na lugha ya mtoto haisaidii kitu.

Hapa Jacksonville ninapoishi familia za namna hiyo zipo nyingi, Wakongo hasa, waliotoka Uvira na Fizi wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi, kumi na tano, wengine watoto wamezaliwa kambini. Na Jacksonville ndo mji mkubwa kwa eneo kuliko yote ya Marekani ukitoa ile ya Alaska, yani mtu anakwambia anakaa mjini kumbe kazini kwake ni maili 20 na basi linapita likijisikia. Nina jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, anapanga mizigo ghalani, shifti yake inaisha saa sita usiku. Anapandishwa na mfanyakazi mwenzie kwa hela ya kila wiki, mwenzie akiumwa na yeye anapoteza siku. Kijana wake mkubwa ana miaka 16 na pemiti. Sasa fikiria hata yote yakienda sawa, akapata leseni akiwa bado 16: sheria inamkataza kuendesha kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, labda awe anaenda au anatoka kazini kwake yeye, au awe na mwenye leseni wa miaka 21 pembeni. Kazini kwa mama sio kazini kwake. Kwaiyo mtoto mwenye leseni halali akienda kumchukua mama yake kazini saa sita usiku anavunja sheria, na mama akipanda mbele hamuokoi sababu hana leseni. Angekuwa nayo, safari ileile ni halali kabisa. Hebu niambie hapo Kiingereza cha nani ndo kinapimwa.

Na kuna njia ya kukwepa ambayo kila mtu anaijua, nayo ndo inanitisha zaidi. Ukifika miaka 18 hayo masaa 50 na ile miezi 12 havikuhusu tena, unaingia kama mtu mzima, unafaulu maswali, unafaulu kuzunguka na mpimaji dakika chache, unatoka na leseni. Kwaiyo vijana wa familia hizi wanashauriana tu kwamba subiri, ya nini kuhangaika kutafuta mtu wa kukaa na wewe, fika 18 umalize mambo. Matokeo yake ndo wale wanaoingia haiwei ya I-295 bila kuwahi kuendeshea mvua hata siku moja wakiwa na mtu mzima pembeni. Wanaotetea sheria mpya wanasema ni kwa ajili ya usalama, sawa, lakini hapa usalama umeongezekaje?

Tuwatendee haki lakini, maana hoja yao moja ni nzito na watu wetu wanaipita juujuu. Alama nyingi za Marekani ni za maneno. Kwetu Tanzania au kule Ulaya alama nyingi ni picha, pembetatu nyekundu, mstari, mshale, unaelewa hata kama hujasoma. Huku unakutana na ubao mweupe umeandikwa RIGHT LANE MUST EXIT na una sekunde tatu za kuamua, au DETOUR, au WRONG WAY, na usiku kwenye matengenezo kuna ule ubao wa taa unaobadilisha maandishi kila baada ya muda. Dereva asiyeweza kusoma hayo ni hatari, na kusema ukweli wapo baadhi yetu wanaoendesha kwa kufuata gari la mbele, nimewaona. Kwaiyo nikisikia mtu anasema dereva lazima ajue Kiingereza cha barabarani mi sibishi. Ninachobisha ni kwamba Kiingereza cha barabarani ni maneno kama mia hivi, unaweza kumpima mtu alama kwa Kiingereza kama zilivyo na maswali ya adhabu ya pombe na umbali wa kuegesha toka kwenye bomba la zimamoto ukamuuliza kwa lugha anayoielewa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na maswali mengi yanayowaangusha watu ni ya hicho cha pili, yale ya "ni lipi kati ya haya SI kweli isipokuwa", ambayo hata mimi niliyesoma kwa Kiingereza toka fomu wani niliyarudia mara mbili.

Hoja yao dhaifu kuliko zote ni ile ya ajali. Agosti 2025 kwenye barabara ya Florida Turnpike dereva wa lori alikata kona ya kugeuka mahali pasiporuhusiwa, gari dogo likaingia chini ya tela, watu 3 wakafa. Ilikuwa mbaya mno, video ikaonwa nchi nzima, na toka siku hiyo kila anayetetea mtihani wa Kiingereza anaitaja. Sasa yule alikuwa dereva wa lori, ana leseni ya biashara aliyoipata jimbo jingine, na kwa leseni hiyo Kiingereza kilikuwa tayari ni lazima kwa sheria ya shirikisho, miaka na miaka. Yani ile ajali inakwambia sheria iliyopo ilikuwa haisimamiwi. Haikwambii chochote kuhusu mama anayetaka kuendesha Corolla kwenda kazini. Na kama kweli hofu ni kwamba asiyejua Kiingereza asishike usukani Florida, basi anza na watalii, wanaoshuka Orlando kwa maelfu, wanakodi gari palepale uwanjani kwa leseni za kwao na hakuna anayewauliza swali moja la Kiingereza. Mwaka 2013 Florida iliwahi kuanza kutumia sheria ya watalii wawe na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kelele zikapigwa, wakaifuta haraka sana, sababu biashara ya utalii haichezewi. Alafu kuna Mkorea wa Kusini, akihamia hapa anabadilishiwa leseni yake bila mtihani kwa sababu ya makubaliano ya nchi na jimbo. Na mimi mwenyewe, nilikuja hapa na leseni ya Texas, nikafika dirishani nikapimwa macho, nikapigwa picha, nikaondoka. Hakuna aliyejali kama najua neno YIELD. Kwaiyo huu mtihani haupimi nani anajua Kiingereza barabarani, unampima yule tu ambaye hakuwa na leseni inayokubalika kabla ya kufika, na huyo mara nyingi ni mkimbizi, ambaye kambini hata baiskeli ilikuwa anasa.

Upande wetu nao tuna hoja zetu mbovu. Kuna ndugu anasema Kiswahili ni lugha ya dunia, UNESCO wametupa siku yetu ya 7 Julai toka 2021, iweje mtihani usiwe kwa Kiswahili. Ndugu yangu, siku ya kuadhimisha haikupi haki kwenye ofisi ya leseni ya Jacksonville. Na kibaya zaidi, tunaongea kana kwamba tafsiri ikiwepo basi mambo yamekwisha, wakati tafsiri zenyewe nyingi ni janga. Yule jirani yangu aliwahi kuletewa karatasi za mazoezi zilizotafsiriwa Kiswahili, sijui na nani, akanipa nimsaidie. Swali la kwanza kabisa linauliza nani mwenye "haki ya njia" kwenye makutano. Akaniangalia. "Sasa baba, hii haki ya njia ni ya shamba ao ni ya barabara?" Na mi nikaelewa anachosema, maana kwa mtu aliyelimia Fizi, haki ya njia ni kesi ya mipaka, ni mambo ya kupita kwenye muhogo wa mwenzio. Mwandishi angeandika tu nani apite kwanza, nani ampishe mwenzie, yangekuwa yameisha. Mbele kidogo mzunguko umeitwa kipilefti, yani "keep left", kaa kushoto, kama Dar, kwenye nchi ambayo mzunguko unaingia kwa kulia na kushoto ndo pa kufia. Wakongo wao kwao wanaendesha kulia kama huku, hilo neno hawana habari nalo kabisa, waliojifunza kwa macho pale Kasulu ndo wanachanganyikiwa. Mtihani wa Kiswahili kama huo unaweza kumfelisha mtu vizuri tu kuliko wa Kiingereza.

Wanaosema tuende mahakamani nao nawashauri wasome kilichotokea Alabama, sababu hii sinema ilishachezwa. Alabama iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi kwenye katiba ya jimbo mwaka 1990, ikafuta mitihani ya leseni ya lugha nyingine, mama mmoja akashtaki kwa kutumia sheria ya haki za kiraia ya 1964, akashinda chini, akashinda rufaa, ikafika Mahakama Kuu ya nchi, kesi inayoitwa Alexander na Sandoval, na Aprili 2001 majaji 5 kwa 4 wakasema mtu binafsi hawezi kushtaki kwa sababu tu kwamba sheria imewaumiza watu wa asili fulani zaidi, lazima athibitishe ubaguzi wa makusudi. Mlango huo ndo umefungwa hivyo toka siku hiyo. Agizo la Rais Clinton la mwaka 2000, lililozitaka ofisi zinazokula hela ya serikali kuu ziwasaidie wasiojua Kiingereza, nalo Trump kalifuta Machi 2025. Ila sehemu ya pili ya habari ya Alabama watu hawaijui: jimbo lilishinda kesi, lingeweza kurudi kwenye Kiingereza tu kesho yake, na halikurudi. Likaendelea kutoa mtihani kwa lugha nyingi, mpaka wenyeji wanaopenda Kiingereza wakalishtaki wao jimbo lao, na 2007 mahakama kuu ya Alabama ikawakatalia. Mi sidhani sababu ni huruma. Viwanda vya magari na kuku vilikuwa vinahitaji watu wa kufika kazini. Kwaiyo kama kuna mtu atabadilisha hii ya Florida mi naweka hela yangu kwa wenye maghala na mahoteli kabla ya mwanasheria yeyote, na ambaye anataka kupeleka barua aanzie kwa bosi wake.

Wakati huo ukisubiriwa, watu wataendesha tu. Hili hakuna anayependa kulisema hadharani ila ndo ukweli wa mji wa maili 20 kwenda kazini. Na hapo hesabu imebadilika kuliko zamani. Kuendesha bila leseni Florida ni kosa la jinai, hata mara ya kwanza, mpaka siku 60 jela na faini mpaka dola 500, na mwaka 2025 masherifu wa kaunti zote 67 wameingia mikataba ya kushirikiana na watu wa uhamiaji. Zamani ulipigwa faini ukarudi nyumbani na hasira, sasa taa ya nyuma iliyoungua inaweza kukufikisha mbali sana. Ndo maana wale wa "jifunzeni Kiingereza yaishe" nawaona hawajakaa chini wakafikiri. Mama wa miaka 45 anayefanya kazi mpaka usiku wa manane atajifunza, ndio, kwa mwaka na nusu labda, je kwa huo mwaka na nusu nani anaendesha?

Jibu ninaloliona mi ni dogo na lipo mikononi mwetu, hata halihitaji serikali ya jimbo kule Tallahassee. Kila kanisa na kila msikiti wa watu wetu hapa una watu kumi wenye leseni na miaka zaidi ya 21, na Jumapili mchana wamelala. Kijana anahitaji masaa 50, ukigawa kwa watu wanne ni masaa 12 na kitu kila mmoja, kwa mwaka mzima. Bima ya gari ndo kikwazo chenyewe, wengi wanaogopa kugongeshewa, na wana haki ya kuogopa, kwaiyo uliza kwanza kampuni yako kama mwenye pemiti anaingia kwenye bima yako kabla hujampa funguo. Mi nilianza na kijana wa jirani kwenye paking ya kanisa, mwezi mzima ni kurudi nyuma na kusimama, alafu mitaani, sasa hivi tunapita mpaka daraja la Buckman. Mama yake huwa anapanda nyuma, anasoma kila ubao unaokuja kwa sauti, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na kijana anamsahihisha huku anaangalia mbele. Karatasi yao ya masaa iko kwenye friji, imefika 31. Ya usiku ni mawili tu, sababu jioni mama yuko ghalani na kijana ndo anabaki na wadogo zake.